Mikorosho myeupe ya Newala

Picha yangu ya kwanza ya infraredi haikuwa na mti wala jani. Ilikuwa ya rimoti ya televisheni. Nilikuwa dukani kwangu Mtwara mjini, mteja wa picha za pasipoti ameshaondoka, nahangaika na televisheni iliyogoma kuwaka. Kijana wa duka la jirani akaniambia: "Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, halafu bonyeza." Nikabonyeza. Kwenye kioo cha simu kitaa cha rimoti kikawa kinametameta zambarau, ilhali nikikitazama kwa macho hakuna kitu. Rimoti ilikuwa nzima, mbovu ni televisheni. Kijana akarudi kwenye biashara yake, mimi nikabaki na simu mkononi. Miaka yote ile nimeshika kamera, na sikuwahi kujua kwamba inaona infraredi, mwanga ambao mimi siuoni.

Kazi ya picha ndiyo iliyonilea. Baba mdogo alikuwa na studio tangu enzi za filamu, na mimi nilianza kwa kumshikia taa kwenye harusi. Alipofunga studio aliniachia kopo la biskuti lililojaa mikia ya filamu za rangi: vile vipande vya mwanzo vinavyopigwa na mwanga wakati wa kuweka filamu kwenye kamera, ambavyo vikishasafishwa hutoka vyeusi. Sikuwahi kuviona vina kazi yoyote. Siku ile nilikata viwili, nikavipandanisha, nikaviweka mbele ya simu na kubonyeza rimoti tena. Mwanga wa zambarau ukapita humo kama vile hakuna kilichoukinga.

Nilishtuka, na si kwa furaha peke yake. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na sehemu za kusini mwa nchi yetu zikaliona kama pete, mimi na majirani tulilitazama kwa zamu kupitia vipande hivyohivyo vya filamu. Filamu ya rangi iliyoungua inazuia mwanga tunaouona, kwa hiyo jicho halikereki wala halifumbi, lakini infraredi inapita na kufika hadi nyuma ya jicho, mahali pasipo na maumivu ya kukuonya. Mwenye vipande kama hivi nyumbani asimpe mtoto atazamie jua. Naliandika hili mapema kabla sijaingia kwenye miti, kwa sababu ndilo funzo la kwanza nililolipata na lingeweza kunigharimu macho.

Kesho yake saa sita mchana nilifunga kamera ya harusi kwenye stendi uani, nikabandika zile filamu mbili mbele ya lenzi kwa selotepu na kuielekeza kwenye mwembe wa jirani. Kamera za dijitali zimewekewa kioo maalumu kinachozuia infraredi mbele ya sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ili rangi za kawaida zisivurugike. Kinachopenya ni kidogo mno, kwa hiyo shata ilikaa wazi sekunde 30. Picha ilitoka nyekundu kama juisi ya rozela. Nilipoondoa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, nikauona mwembe ambao nimekuwa nikipita chini yake kila siku: majani meupe kama pamba iliyopasuka, shina la kijivu, anga jeusi kama linakaribia usiku, na wingu moja juu yake lililoonekana kama limechongwa. Ncha za matawi zilikuwa zimevurugika kwa upepo, na alama za vidole zilijaa kwenye ile filamu. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu kichwani miti yote ninayoijua.

*

Mwanga unaoonekana kwa macho yetu una mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni), kuanzia zambarau hadi nyekundu. Kupita nyekundu kuna infraredi. William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipokuwa akipima joto la rangi za mwanga wa jua uliogawanywa na kioo cha pembe tatu: kipimajoto alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, nacho kikapanda. Kwa kuwa habari hii ilianza na joto, watu wengi huniuliza kama picha zangu zinaonyesha joto la miti. Hapana. Kamera za joto hutumia mawimbi marefu zaidi ya mara kumi ya haya. Sensa ya kamera yangu ni ya silikoni, inakoma karibu na nanomita 1,100. Ninachopiga ni mwanga wa jua uleule, unaogonga jani na kurudi.

Na kwa nini jani liwe jeupe? Kwa muda mrefu nilikuwa nawajibu watu kwamba klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inang'aa. Nilikosea. Klorofili hula mwanga mwekundu na wa bluu, lakini infraredi inaipita tu kama maji yanavyopita kwenye wavu. Kinachoirudisha ni mwili wa jani wenyewe. Ndani ya jani kuna seli zilizojaa maji, na katikati yake kuna nafasi za hewa. Nenda ufukweni Shangani utazame wimbi linapovunjika: maji hayana rangi, hewa haina rangi, lakini vikichanganyika kuwa povu vinakuwa vyeupe, kwa sababu mwanga unagonga kuta nyingi ndogondogo na kutawanyika kila upande. Jani ni povu lililotulia. Jani bichi hurudisha karibu nusu ya infraredi inayolifikia, na sehemu kubwa ya inayobaki hupenya hadi kwenye jani la chini yake, ambalo nalo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu mti unaonekana kama umewashwa taa ndani.

Aliyechapisha picha za mandhari za namna hii mwaka 1910 ni mwanafizikia wa Marekani, Robert Williams Wood, na weupe huu wa majani ukapewa jina lake. Kwa kuwa jina hilo kwa Kiingereza ndilo neno la ubao, wengi hudhani limetoka kwenye miti. Limetoka kwa mtu.

Jaribio lililonifanya nielewe kabisa lilifanyika jikoni kwa mkaza mjomba, Newala. Alikuwa anatwanga kisamvu. Nikapiga picha ya majani mabichi ya muhogo kwenye ungo, meupe. Kisha nikapiga kisamvu kilekile kikiwa kimetwangwa, kimelowa, kimeshikana kwenye kinu. Weupe ulikuwa umepungua, kimebaki kijivu. Klorofili yote bado ilikuwa mle kinuni, na kwa macho kisamvu kilikuwa kijani kuliko awali. Kilichovunjwa na mchi ni zile kuta na vile vyumba vya hewa.

*

Filamu za baba mdogo zilinifikisha mbali kiasi, kisha nikanunua filta ya nanomita 720, inayozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi, pamoja na Nikon D70 iliyotumika, kamera ya mwaka 2004 ambayo wapigaji wa infraredi wanaithamini kwa sababu kioo chake cha ndani huachia infraredi nyingi kuliko kamera nyingi za baadaye. Badala ya sekunde 30 nikawa natumia sekunde moja au mbili. Tamaa ikaniingia, nikampa fundi kamera nyingine aifungue na kuondoa kile kioo kabisa, nipige kwa mkono bila stendi. Fundi alikitoa, akaifunga. Hakuna kioo kilichorudishwa mahali pake. Kioo kile, mbali na kuzuia infraredi, kinabadilisha kidogo njia ya mwanga kabla ya kufika kwenye sensa. Ukikiondoa lazima uweke kingine kinachopitisha infraredi chenye unene unaolingana, la sivyo kamera inalenga pengine na picha inaangukia pengine. Minazi ya mbali haikuwahi kutoka kali tena katika kamera ile. Fundi alifanya nilichomwagiza, na mimi ndiye niliyekuwa sijui cha kuagiza.

Kulenga kwenyewe ni kazi ya kujifunza upya. Infraredi hailengwi mahali palepale kama mwanga wa kawaida, na ndiyo maana lenzi nyingi za zamani zina kidoa chekundu pembeni ya alama ya umbali, ambacho nilikuwa nimekiona tangu utotoni katika lenzi za baba mdogo bila kuuliza ni cha nini. Kwenye D70 nalenga kwanza bila filta, nasogeza kidogo, nafunga tundu la lenzi hadi f/8, ndipo naweka filta.

Kuna kosa moja la Lindi ambalo bado linaniuma. Nilikwenda kupiga mikoko kwenye ghuba, upande unaotazamana na Kitunda, siku ya bamvua. Maji yalijaa hadi kwenye matawi. Katika infraredi maji ni meusi, kwa sababu yanameza mwanga huo na anga linaloakisiwa juu yake nalo ni jeusi. Kwa hiyo mikoko ilisimama kama mawingu meupe juu ya wino. Nilipiga saa mbili nzima, tundu la lenzi nimelibana hadi f/16 ili kila kitu kiwe kikali. Usiku kwenye kompyuta nikakuta kila picha ina doa jeupe la mviringo katikati, kama mtu amepumulia kioo. Zipo lenzi ambazo kwa mwanga wa kawaida hazina kasoro, lakini kwa infraredi mwanga unagongana ndani yake na kutengeneza doa hilo, na kadiri unavyobana tundu ndivyo linavyokuwa kali. Ningelijua kwa dakika tano kama ningeijaribu lenzi ile uani kabla ya kusafiri. Bamvua nyingine niliyoweza kuipata pale nikiwa na nafasi ilikuja miezi minne baadaye, na mawingu yale hayakurudi.

Kingine kilichonigeuza tabia ni saa ya kupiga. Nilifundishwa, kama mpiga picha yeyote, kuliogopa jua la mchana. Harusi tunawapeleka ufukweni saa kumi na moja jioni. Infraredi inataka jua kali. Mtwara ipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na kwenye mwezi wa pili na tena mwezi wa kumi jua hupita utosini kabisa. Saa hizo watu wametulia chini ya miti, barabara ya Mikindani iko kimya, na mimi natembea na stendi begani. Mibuyu ya Mikindani inataka mwezi wa pili, ikiwa na majani. Ukiipiga mwezi wa saba utapata magome na matawi matupu, picha nzuri tu, lakini ni ya magome. Mvua ikishapita na kulisafisha anga, ndipo weusi wa juu unapokuwa mzito. Na upepo wa kusi, kuanzia mwezi wa tano au wa sita, hauruhusu kupiga minazi kwa sekunde mbili, isipokuwa ukubali makuti yawe moshi. Wakati mwingine nakubali. Minazi ya pwani yetu inaishi na upepo huo, na picha yake ikiwa imetulia kabisa huniletea shaka.

Kuhusu rangi sitasema mengi. Naipimia kamera mizani ya weupe kwenye nyasi mbichi, majani yanakuwa meupe na anga la kahawia. Kisha kwa programu ya GIMP nabadilishana mkondo mwekundu na wa bluu, anga linarudi kuwa la bluu. Wateja wanazipenda hizo. Mimi nazipenda zile zisizo na rangi.

*

Sasa nifike kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana shamba la mikorosho nje kidogo ya Newala, mingine aliipanda mwenyewe, mingine ilipandwa na bibi. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito. Nilipomwonyesha picha za kwanza alikaa nazo kwenye kibaraza muda mrefu, akizipeleka karibu na mbali. Mkorosho kwa infraredi ni mti wa kipekee: una umbo la kuba, majani yake mazito yanashuka hadi karibu na ardhi, kwa hiyo unakuwa kilima cheupe kilichokaa juu ya mchanga. Akaniuliza:

"Mpwa wangu, hiki chombo chako kinaona ndani ya jani?"

"Kinaona, mjomba. Jani zima linakuwa jeupe hivi."

"Na jani gonjwa?"

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mimea yenye afya hung'aa katika infraredi. Ni kweli. Nikaongeza ya kwangu ambayo sikuyasoma popote: "Gonjwa litakuwa jeusi."

Wakati ule ulikuwa mwanzo wa mwezi wa saba, mikorosho imeanza kutoa maua. Huo ndio msimu wa ubwiriunga, ule ukungu unaoshika machipukizi, majani machanga na mikungu ya maua, ukavifunika kwa unga mweupe, maua yakakauka kabla ya kushika korosho. Wakulima huupiga kwa salfa ya unga alfajiri, kungali na umande na upepo haujaamka, ili unga ushike. Mwaka ule mjomba alikuwa na salfa pungufu. Alitaka kujua aanze na miti ipi. Na mimi nikamwambia nitamwonyesha.

Nilipiga miti 64 kwa siku mbili. Nikachapisha, nikaziweka mezani, nikachagua 11 iliyoonekana ya kijivu au yenye weusi, nikaifunga vitambaa. Mjomba akaanza na hiyo. Hakunihoji. Mtu aliyelima korosho tangu ujana wake alinifuata mimi kwa sababu nilikuwa na mashine na nilisema kwa sauti ya uhakika.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Hakuwa amekasirika, au hakuionyesha hasira. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Njoo uone." Nilikwenda na basi la asubuhi kupitia Nanyamba na Tandahimba. Alinipeleka kwenye mikorosho sita upande wa chini, ile iliyokuwa meupe kuliko yote katika picha zangu, ile niliyomwambia iko salama. Akakunja mkungu wa maua, akaupitisha kidole gumba, akanionyesha kidole. Kilikuwa kimejaa unga.

Kurudi Mtwara nilizitoa picha zote nikaziangalia upya, na kila moja ilinionyesha kosa langu. Ile miti 11 ya kijivu nilikuwa nimeipiga jioni nikitazamana na jua. Upande uliokuwa mbele yangu ulikuwa kivulini. Nilipima kivuli nikakiita ugonjwa. Na ule unga wa ubwiriunga ni mweupe. Katika picha ambamo kila jani ni jeupe, unga mweupe hauonekani. Kamera yangu haikushindwa tu kuuona ugonjwa, iliufuta. Kitu ambacho mtoto wa shule angekiona kwa macho akiinama kwenye tawi, mimi nilikifunika kwa picha nzuri.

Nikaanza kujaribu kila kitu ambacho nilipaswa kukijaribu kabla ya kufungua mdomo. Mkorosho ukichipua, majani machanga huwa mekundu yanayoelekea kahawia; kwa infraredi yalitoka meupe kama yale makubwa, maana rangi nyekundu nayo inapitwa na mwanga huo. Nikaokota majani makavu chini ya mti, yale yanayopasuka ukiyakanyaga, nikayapanga kando ya mabichi. Nilitegemea yawe meusi. Yakatoka meupe vilevile, au karibu sana. Jani limekufa, klorofili imekwisha, lakini ule mwili wake wa kuta na hewa bado upo, na bado unarudisha mwanga.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanaopima mimea kwa setilaiti hawatumii infraredi peke yake. Tangu Landsat ya kwanza iliporushwa mwaka 1972, kazi hiyo inafanywa kwa kulinganisha: unachukua infraredi, unatoa mwanga mwekundu, unagawanya kwa jumla ya viwili hivyo. Jani bichi linakula nyekundu na kurudisha infraredi, kwa hiyo tofauti ni kubwa. Jani kavu linarudisha vyote viwili, tofauti inakuwa ndogo. Picha yangu ilikuwa nusu moja tu ya hesabu. Na hata hesabu nzima inakuambia mti una majani mabichi kiasi gani. Haikuambii kuna unga kwenye ua.

Nilirudi Newala kuomba radhi. Nilikwenda na fedha kidogo za mifuko miwili ya salfa, nikamweleza yote, kivuli, unga, majani makavu, bila kuruka. Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Salfa nimeshapata kwa jirani. Hizo fedha mpe mkaza mjomba wako. Lakini kesho alfajiri unakuja shambani bila kamera."

Tukaenda. Aliniwekea mkono wangu kwenye mikungu, mti kwa mti, hadi kidole changu kikaanza kuhisi ulaini wa ule unga kabla sijautazama. Alinionyesha mashimo meusi kwenye machipukizi yaliyofyonzwa na mbu wa mikorosho. Alinionyesha jinsi upande wa bondeni unavyoshikwa kwanza. Pale Naliendele, karibu na Mtwara mjini, kuna kituo cha utafiti ambacho kazi yake kubwa ni zao hili hili, nami nilikuwa nimepita mbele yake mara nyingi nikienda kupiga harusi. Tangu asubuhi ile sijawahi kumwambia mkulima kitu chochote kuhusu afya ya mti wake kwa kutumia picha ya infraredi, na nimeshaombwa mara kadhaa, mara nyingine kwa malipo.

Mwaka ule ile mikorosho sita ilizaa kidogo. Hilo haliondoki kwa kuelezea.

*

Kuna ambavyo infraredi inaviona kweli, na baada ya kujua mipaka yake nimeipenda zaidi. Mwezi wa tisa, mashamba yakichomwa, ukisimama Shimo la Mungu pale Newala, bonde la Ruvuma linajaa ukungu wa moshi na kwa macho unaona weupe tu. Infraredi inatawanywa kidogo na chembe ndogo za moshi na hewa, kwa hiyo ng'ambo ya mto, vilima vya Msumbiji vinajitokeza kimoja nyuma ya kingine, na mstari wa miti unaoonyesha mto ulipo. Nimewapigia picha hiyo wazee wenye ndugu ng'ambo, wakaitazama wakitaja vijiji.

Watu siwapigi tena kwa mwanga huo. Nilijaribu mara moja, mjomba na mkaza mjomba wamekaa chini ya mwembe. Rangi ya ngozi yetu nayo inapitwa na infraredi, na weusi ukapotea. Nyuso zikatoka zimepauka, laini kama nta, macho meusi kama mashimo. Kanga ya mkaza mjomba, nyekundu na nyeusi, ikawa kitambaa cha kijivu, na maandishi yake yakafifia hadi hayasomeki. Alikuwa ameichagua kwa ajili ya yale maandishi. Mjomba aliitazama picha akanirudishia. "Huyu si mimi," alisema, na sikuwa na la kumjibu kwa sababu ilikuwa kweli. Picha hiyo niliifuta mbele yao.

Lakini mwaka jana, mwezi wa pili, aliniita mwenyewe. Alitaka mkorosho wa bibi upigwe, ule mkubwa ulio karibu na nyumba ya zamani, na akataka "ule weupe", na mtu yeyote asiwemo. Nilingoja saa sita na nusu, jua liko juu, anga limeoshwa na mvua ya usiku. Nilijaribu kwanza lenzi kwenye nyasi kuhakikisha hakuna doa. Nikapiga picha nne tu.

Nilipomletea, imechapishwa kubwa, aliilaza mezani. Kwa macho ya kawaida mti ule ni kichaka cha kijani kilichofumana, huwezi kujua tawi lipi linatoka wapi. Kwenye infraredi majani yamekuwa meupe na matawi yamebaki meusi, kwa hiyo mifupa yote ya mti inaonekana katikati ya weupe. Mjomba alikuwa akizifuata zile njia nyeusi kwa kidole, kutoka shinani kwenda juu, polepole. Kidole kikasimama kwenye tawi moja lililopinda kwenda chini kama kiwiko, kisha likainuka tena.

"Unajua kwa nini hili limepinda?"

"Sijui, mjomba."

"Pembea ya mama yako. Walifunga kamba hapa, yeye na wenzake, miaka yote mpaka alipoolewa. Nilidhani tawi hilo lilishakatika zamani."

Akainuka, akachukua fimbo yake. Tukatoka na picha mkononi, tukainama kupita chini ya majani, tukaanza kulitafuta.